Omega-3: tununue vidonge au tule samaki?

Washiriki wanatuuliza juu ya vidonge vya omega-3, ambavyo wauzaji wanasifu kuwa vinaponya tansio, ugonjwa wa sukari na usahaulifu. Chupa moja inaweza kumaliza pesa ya chakula cha jamaa nzima. Basi tuelewe kwanza ni kitu gani.

Jina
Omega ni herufi ya mwisho ya Kigiriki, tunayoijua katika kitabu cha Ufunuo. Wanasayansi waliitumia kwa sababu wanahesabu sehemu za asidi hizi za mafuta kuanzia mwisho wake. Jina hili halina maana ya kiroho.

Kazi
Omega-3 inajenga seli za mwili, hasa za ubongo na macho, tangu mtoto akiwa tumboni. Omega-3 na omega-6 za msingi mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke katika chakula. Omega-9 mwili unaitengeneza wenyewe. Hakuna haja ya kuinunua katika chupa.

Zinapatikana wapi?
Omega-6 iko katika karanga, alizeti na soya. Soya ina pia omega-3 ya mimea, lakini mwili unageuza kidogo tu kuwa EPA na DHA, zile zinazohitajika zaidi. Hizo ziko tayari ndani ya samaki: sambaza wa Ziwa Kivu, ndagala wa Tanganyika, na samaki wa baharini wenye mafuta kama thomson. Mawese yetu mekundu ni mazuri kwa vitamini A, lakini karibu hayana omega-3.

Je, vidonge vinasaidia?
Mwaka 2018 utafiti mkubwa wa Marekani, VITAL, ulitoa matokeo yake. Watu 25,871 walifuatwa kwa miaka kama 5; nusu yao walipewa gramu 1 ya omega-3 kila siku. Kwa jumla, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikupungua kwa namna ya kuaminika. Mwaka huohuo utafiti wa ASCEND wa Uingereza, kwa wagonjwa wa sukari 15,480, ulionyesha vilevile.

Kuna wanaovihitaji. Daktari anaweza kuviandika kwa mtu mwenye mafuta mengi sana ya aina ya trigliseridi katika damu, na mama mjamzito asiyepata samaki aulize kwenye kituo cha afya. Lakini kipimo kikubwa kinaweza kuharibu mapigo ya moyo, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumwuliza daktari.

Shauri letu
Asiye na ugonjwa ale samaki mara mbili kwa juma akiweza, hata sambaza wakavu. Mwenye tansio au sukari asiache dawa zake kwa ajili ya omega: kuziacha kunaweza kuleta kiharusi, na jamaa ikabaki bila mzazi. Wazee wa kanisa, msiruhusu mimbari itumike kutangaza biashara hii. Na kila mmoja asome Isaya 55:2 kabla ya kufungua mfuko wa pesa.