Ndugu wawili wa Fallodon na shaba ya Katanga

Mwaka 1882 Edward Grey, kijana wa miaka 20, alirithi ubaroneti na shamba la Fallodon, kaskazini mwa Uingereza, baada ya babu yake kufariki. Siasa ilikuwa kazi ya ukoo: babu huyo aliwahi kuwa waziri, na amu wa babu huyo alikuwa waziri mkuu. Edward aliingia bungeni mwaka 1885, na Desemba 1905 akawa waziri wa mambo ya nje, ingawa ndege na uvuvi wa mtoni vilimvutia kuliko safari za ng'ambo.

Aliyefika Katanga, jimbo la Kongo lenye shaba, ni mdogo wake, George. Mwaka 1899 Mskoti Robert Williams aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, akamtuma George kutoka Rhodesia kwenda kaskazini kutafuta madini. Baada ya Williams kupatana mwaka 1900 na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo, msako ukaendelea wazi ndani ya Katanga.

Inasemwa kwamba George aligundua migodi. Kugundua gani huko? Vilima vyenyewe vilijitambulisha: havikuwa na miti, ila nyasi na maua madogo yanayostahimili udongo wa shaba. Juu yake palikuwa na mashimo ya wenyeji, waliochimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuri za udongo wa kichuguu na kumimina misalaba ya shaba iliyouzwa mbali sana. Kazi ya wageni ilikuwa kupiga vigingi vya mipaka na kuandika majina mapya. Kalukuluku, karibu na mto Lubumbashi, ikawa Étoile du Congo.

Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, Wabelgiji na kampuni ya Williams wakiwa na hisa. Tarehe 27 Septemba 1910 treni kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mwaka uliofuata tanuri ikatoa shaba ya kwanza.

Kwa sheria ya London, mji huo ulikuwa katika koloni lisilotambuliwa. Ripoti ya 1904 ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ilikuwa imeanika ukatili wa uvunaji wa mpira chini ya Leopold, na Ubelgiji ilipoichukua Kongo Novemba 1908, Edward alikataa kuitambua hatua hiyo mpaka kazi ya shuruti ikomeshwe na biashara ifunguliwe. Wabelgiji walishuku kwamba huruma hiyo ilificha tamaa ya shaba. Si ajabu: reli ilitoka Rhodesia ya Waingereza, na vigingi vilipigwa na mdogo wa waziri. Mimi siamini kwamba Edward alifikiria mfuko wa nduguye, kwa kuwa mvutano ule haukuwa na faida kwa kampuni ya Williams. Lakini hata aliporidhia, mwaka 1913, hofu ya Ujerumani ilikuwa imeufanya urafiki wa Ubelgiji kuwa na thamani kubwa, na nadhani hilo lilimsukuma kama vile habari za mageuzi zilivyomsukuma.

George hakuiona siku hiyo. Mwaka 1911 alijeruhiwa na simba katika nyika ya Athi, karibu na Nairobi, akafariki siku chache baadaye. Edward aliacha uwaziri mwaka 1916 akiwa na cheo cha Viscount na macho yanayofifia, akafariki Fallodon mwaka 1933. Tanganyika Concessions iliendelea kupata gawio la Union Minière hadi serikali ya Rais Mobutu wa Kongo ilipotaifisha migodi hiyo, kuanzia Januari 1967.