Zulia na Pazia la Hagia Sophia: Mazingatio ya Fiqhi na Tarikhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Msikiti mkongwe unapotandikwa zulia jipya, wengi hudhani hilo ni jambo la fundi na mfanyabiashara tu. Sisi tunaona kuwa ni jambo la fiqhi pia, na mfano wake ni Hagia Sophia mjini Istanbul.

Jengo hilo lilijengwa kuwa kanisa baina ya mwaka 532 na 537, zama za Mfalme Justinian. Mwaka 1453 (857 Hijriya) Sultan Mehmed wa Pili aliuteka mji akalifanya msikiti. Picha za ukutani, zilizoundwa kwa vijiwe vya rangi, zilifunikwa kwa plasta hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1931 zikaanza kufunuliwa, na mwaka 1934 serikali ya Uturuki ikaamua jengo liwe makumbusho. Tarehe 24 Julai 2020 swala ya Ijumaa ikarejea.

Hapo likazuka swali: waumini wataswali vipi mbele ya picha ya Bibi Maryam na mwanawe, iliyo juu upande wa mihrabu? Anas (R.A.) amepokea, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Bibi Aisha (R.A.) aondoe pazia lenye picha, kwa kuwa zilikuwa zikimjia katika swala yake. Ndiyo maana wanazuoni wengi wamesema kuikabili picha katika swala ni makuruhu, ingawa swala haibatiliki.

Ufumbuzi ukawa ni kitambaa. Plasta haiondoki ila kwa patasi. Lakini pazia huifunika picha wakati wa swala bila kuigusa. Hukumu imetekelezwa na athari ya kale imesalimika.

Sakafuni likatandikwa zulia la sufu la rangi ya feruzi, lililofumwa Manisa. Hapa pana mambo mawili. Kwanza, jengo halikuelekezwa Makka. Kibla kimeegemea kulia kidogo, hivyo mihrabu haikukaa katikati, na mistari ya safu hukata jengo mshazari. Mfumaji hufuata kibla, hafuati ukuta. Pili, Mtume (S.A.W.) aliirudisha kwa Abu Jahm nguo yenye nakshi, akataka nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika swala. Basi zulia la msikiti lisishindane na swala.

Aidha, mahali pa marumaru walipotawazwa wafalme wa Kirumi pameachwa wazi bila kutandikwa.

Ndugu msomaji, anayepewa dhamana ya kutandika msikiti wa kale asianze na bei wala rangi. Aanze na kuuliza: je, kitamsaidia anayeswali kukhushui, na je, kikiondolewa kesho, jengo litabaki kama lilivyokuwa?

Wallahu aalam.