Nani Anahesabu Fulu?

Stima ilipotea saa tatu usiku. Mfugaji wa samaki hushtuliwa na kimya kabla ya giza: pampu ikinyamaza, hewa ndani ya maji huanza kuisha. Kwenye tangi langu la lita 500 kulikuwa na frontosa sita, mmoja wao jike aliyekuwa amebeba mayai mdomoni kwa wiki ya tatu, bila kula kitu.

Nilishika jagi nikaanza kuteka maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Dani, nyanya yangu, alikuwa amekuja Nairobi kwa kliniki ya presha. Alinitazama kwa mwanga wa simu, kisha akauliza, "Nyakwara, hao fulu unawafugia nini kama hutawala?"

"Si fulu, Dani. Ni frontosa. Kwao ni Ziwa Tanganyika."

"Kichwa cha fulu, mkia wa fulu. Ni fulu aliyekula akashiba."

Nilicheka, lakini hakuwa amekosea sana. Frontosa, fulu na ngege wote ni wa jamii moja, sikilidi. Frontosa ni mmoja wa wakubwa wao: dume hupita sentimita 30 na kuota nundu kwenye paji la uso. Jina lake la kisayansi alipewa mwaka 1906 na Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho London. Kufikia miaka ya 1970, Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, alikuwa akisafirisha samaki hai wa Tanganyika kutoka Burundi hadi kwa wafugaji wa ng'ambo. Wangu walizaliwa kwenye matangi ya huko, wakaja Nairobi kwa ndege. Nililipa pesa nzuri kununua samaki wa Afrika kama bidhaa ya nje.

Mkono ulipochoka, Dani alichukua jagi. Akaanza kunihadithia akiwa anamwaga maji.

Alikulia ufuoni karibu na Kendu Bay. Fulu walikuwa chakula cha watu wa chini: wadogo, miiba mingi, wakianikwa juani na kuuzwa kwa mafungu. Samaki wa heshima alikuwa ngege. Mgeni akija, unapika ngege.

Ngege ndiye aliyeanza kuumia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 zikaletwa nyavu za Kizungu zinazonasa samaki kwa matamvua. Soko lilikua, nyavu zikaongezeka, ngege wakapungua. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilimleta Michael Graham kuchunguza ziwa. Ripoti yake ya 1929 ilionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine, bila utafiti wa kutosha, ni hatari kubwa.

Onyo lilisomwa, likawekwa kabatini. Baadhi ya maafisa waliona fulu ni takataka tu. Afadhali waliwe na samaki mkubwa mwenye minofu ya kuuzika. Mwaka 1954 mbuta aliingizwa ziwani upande wa Uganda. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alipinga mpango huo kwa maandishi mwaka 1960. Miaka michache baadaye mbuta wakamwagwa Kisumu pia.

Kwa muda hakuna aliyeona tofauti. Kisha ikafika miaka ya 1980. Ziwa lililokuwa na aina zaidi ya 500 za fulu lilipoteza takriban 200, kwa makadirio ya wanasayansi. Mbuta hakufanya hayo peke yake. Udongo wa mashamba na uchafu wa miji vilitia maji ukungu, na jike wa fulu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Asipoona rangi, anachanganya, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja.

"Kwa hivyo mbuta ndiye adui?" nilimuuliza.

Dani aliweka jagi chini. "Nyumba unayolala ukija nyumbani, ile mabati, niliijenga kwa pesa ya mbuta. Baba yako alisoma kwa mbuta."

Nikanyamaza. Aliuza mbuta mpaka viwanda vya minofu vilipokuja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na yeye akabaki akiuza mgongo wazi, ile mifupa ya kukaanga. Fulu alikuwa hamfikirii tena.

"Siku moja nilitaka fulu wa kupika, nikaambiwa hakuna. Nikashangaa. Huwezi kuambiwa fulu wameisha. Ni kama kuambiwa inzi wameisha. Nani anahesabu fulu?"

Hawakuisha wote. Mbuta walipovuliwa sana, baadhi ya fulu walirudi. Ngege bado wako Ziwa Kanyaboli, kule Siaya. Lakini kuna aina za fulu ambazo zimebaki hai kwenye vioo tu, Ulaya na Marekani, mikononi mwa watu wanaokaa macho stima ikipotea. Tangi si ziwa, na sitajidanganya kwamba frontosa zangu sita zinaokoa chochote. Ila usiku ule nilijua uhai unaobaki mahali pamoja tu unategemea nini: waya, pampu, na mtu mwenye jagi.

Stima ilirudi saa nane. Jike alikuwa kwenye kona, mdomo umefungwa.

Wiki mbili baadaye alitema watoto. Nilinunua pampu ya betri, nikakaa mbele ya kioo, nikahesabu mara tatu ili nisikosee. Kisha nikampigia Dani.

"Ni 23," nikamwambia.

"Hesabu tena kesho," akasema.