Sahani Hairudi Tupu: Historia ya Chakula Chetu cha Pamoja ku Kambove



Mu mkutano wetu wa mwisho swali moja lilirudi tena: kwa nini chama kinatoa pesa ya unga na mafuta kwa ajili ya chakula cha pamoja cha kila mwezi, wakati kuna nyumba za wanachama ambazo bado hazina mabati? Ni swali la haki. Wenye kuliuliza si wabaya. Sisi wa kamati tunataka kulijibu kwa historia.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli ikafika Kambove mwaka 1913. Kazi ya mgodi ilikuwa nyingi kuliko watu wa karibu, basi kampuni ikaandika watu kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ya BCK ikafunguliwa mpaka Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Bankambo wetu wengi walipanda treni ile ku Kasai, wakashuka huku na sanduku moja la mbao.

Mu kambi ya kampuni kulikuwa posho: unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama ao samaki. Mwanzoni posho ilikuwa ya mwanaume peke yake. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona kama mfanyakazi mwenye bibi na watoto anakaa kazini muda mrefu, basi ikaanza kuhesabu bibi na watoto pia. Serikali ilipochukua migodi mwaka 1967, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines, unga wa kila mwezi uliendelea. Mtu wa Kasai alizoea nshima ya mahindi iliyochanganywa na muhogo. Wa Maniema alizoea wali na muhogo. Wote walijifunza bukari nyeupe ya mahindi matupu. Hii bukari tunayoiita ya kwetu, wengi wetu ilitufikia kwa njia ya posho.

Lakini posho inapita kwa dirisha. Karatasi moja, familia moja, kila mutu anarudi kwake na mzigo wake. Kushirikiana kulianzia mu lupango, pale bamama walipokuwa wanawasha mbabula. Mama wa Kasai alipika matamba. Jirani wa upande wa Luapula alipika kikanda. Mwenye ndugu ku Kapolowe alipata samaki. Mvua ikianza, bowa na mankubala vilitoka porini. Jioni mtoto alitumwa na sahani iliyofunikwa: "Peleka kwa mama fulani, umuambie ni kidogo tu." Na sheria ilikuwa moja, hakuna aliyeiandika: sahani hairudi tupu. Kama hauna kitu, unaweka bitumbula viwili, ao mkono wa karanga.

Hapo njo tofauti. Posho inakufanya mupokeaji. Sahani inakufanya mupokeaji leo na mutoaji kesho.

Halafu zikaja 1992 na 1993. Hatutarudilia yote, wenye walikuwapo wanajua. Tuliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Watu waliozaliwa ku Kambove, na wengine ambao baba zao pia walizaliwa hapa, waliambiwa "murudi kwenu". Kwetu wapi? Wengi wetu hatukuwa tumeona Kasai hata siku moja. Tulilala ku stesheni ya Likasi tukingoja treni, siku na siku, vyungu vikiwa chini kati ya mizigo. Kuna waliokufa palepale kwa magonjwa, wadogo kwa wakubwa, kabla ya treni kufika. Reli ileile iliyoleta bankambo ikatupeleka Mwene-Ditu na mbele zaidi.

Historia ya kweli inasema yote. Kuna majirani walioingia mu nyumba zetu kabla moto wa mbabula haujazimika. Na kuna majirani waliotuletea bukari ku stesheni usiku, wakijificha.

Ku Kasai tulikuwa wageni tena. Watoto walikataa nshima yenye muhogo, wakalia bukari ya Kambove. Bamama waliuza bitumbula kando ya njia, na hivyo njo masomo ya wengine yalilipwa.

Kurudi kulikuwa kidogo kidogo, familia kwa familia, bila treni ya heshima. Aliyetangulia kati yetu alipewa chumba cha kupanga. Siku ya pili jirani akatuma mtoto na sahani: bukari, sombe, kipande cha bitoyo. Mama yule alikaa nayo siku tatu, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuirudishia. Siku ya nne alikopa unga kidogo, akakaanga bitumbula sita, akaipeleka mwenyewe. Chakula chetu cha pamoja kilianzia pale.

Leo meza yetu ina bintu ambavyo bankambo hawakuvijua. Mwanachama mmoja alikulia Musoshi, karibu na Kasumbalesa, ambapo kampuni ya Wajapani ilichimba shaba kutoka 1972 mpaka ilipoondoka 1983. Yeye analeta matonge ya wali yaliyofinyangwa kwa mkono wenye maji na chumvi. Wajapani wanaweka samaki wa chumvi katikati. Yeye anaweka bitoyo, na watoto wanayamaliza kabla ya sala.

Tonge hilo lilisafiri mbali kuliko sisi. Kutoka 1885 Wajapani wengi walienda Hawaii kwa mkataba kukata miwa. Huko pia kampuni iliweka watu mu kambi, kila taifa upande wake: Wachina, Wajapani, Wareno, Wakorea, Wafilipino. Lakini saa sita, mu shamba, kila mutu alifungua kopo lake la chakula, na mikono ikapita kwa kopo la mwenzake. Wali wa Mjapani ulikutana na kachumbari kali ya Mkorea. Wareno walileta malasada, unga wa ngano uliokaangwa na kupakwa sukari. Tuseme tu ni bitumbula. Sahani iliyochanganywa njo imekuwa leo chakula cha Hawaii yote.

Hatusemi kama chakula kinamaliza kesi. Kuna mwanachama wetu anayekula meza moja na familia inayokaa mu nyumba ya baba yake. Kesi ya nyumba ile haijaisha, na bukari haikuimaliza. Lakini mbele walikuwa wanapitana njiani bila salamu. Sasa wanasalimiana, na mwezi uliopita sahani ilitoka ku nyumba ile ikiwa imefunikwa. Yeye hajairudisha bado. Anatafuta cha kuweka.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mabati yanafunika familia moja, na yatanunuliwa, orodha iko na mtunza-hazina. Lakini siku fujo ikirudi, bati halitaleta bukari ku stesheni usiku. Jirani njo ataleta.

Wafadhili, pesa yenu inanunua unga na mafuta tu. Mengine kila mutu anapika kwake.

Wanachama, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kila mmoja alete kitu alichopika, hata kidogo. Na mwenye kukaa na sahani ya jirani, aikumbuke.