Jumba la KICC, Uso wa Nairobi

Noti zote za Kenya za toleo la 2019, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zina picha ya KICC, jumba la mikutano la jijini Nairobi. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, basi jengo likashika nafasi ya marais. Halikuishika bila ubishi. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikimbilia mahakamani akidai kuwa sanamu ya Jomo Kenyatta iliyo mbele ya jumba hilo imeirudisha sura ya mtu kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu ikalitupa ombi lake mwaka huohuo.

Hapo mwanzo jumba hili halikukusudiwa kuwa alama ya taifa. Katikati ya miaka ya 1960 chama tawala, KANU, kilitaka makao makuu ya orofa chache tu. Kazi ya kuyachora ilimwendea Karl Henrik Nøstvik wa Norway, akishirikiana na David Mutiso, msanifu wa serikali. Kisha ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wangefanyia mkutano wao wa mwaka Nairobi, nao mji haukuwa na ukumbi wa kuwatosha. Michoro ikapanuliwa, orofa zikaongezwa hadi 28, na Septemba 1973 Kenyatta akafungua mnara wa mita 105 wenye rangi ya udongo mwekundu, ukumbi wa umbo la pia ukiwa umechuchumaa ubavuni mwake. Wengi huuona ukumbi huo kama paa la msonge. Kwa jiji lililozaliwa kama kituo cha reli cha Waingereza, miaka 10 tu baada ya uhuru, hilo halikuwa jambo dogo.

Siasa haikuliacha jumba hilo. Februari 2003, wiki chache baada ya KANU kubwagwa, serikali ya Mwai Kibaki ililitwaa. Desemba 2007 Wakenya walikodolea macho ukumbi wake wakisubiri matokeo ya urais, na walichokiona ni vurugu.

Kwa urefu lilishapitwa zamani. Britam Tower ya Upper Hill ina mita 200, karibu mara mbili yake, ila mnara huo ungesimama Dubai na hakuna ambaye angeshtuka; KICC ni la Nairobi tu.

Wapiga picha wa mjini wanalijua hilo vizuri. Kwa miaka mingi uwanja wa KICC umekuwa studio yao. Mteja, mara nyingi mgeni kutoka mashambani, huambiwa anyooshe mkono; mpiga picha anachutama, anasogea hatua moja kushoto, na pichani mkono unaonekana umekishika kilele cha mnara. Ikifika ushago, picha hiyo haihitaji maelezo. Simu zimewapunguzia wateja, lakini hila ya mkono watu wameichukua, sasa wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe.