Ventotene, Kisiwa cha Kuwanyamazisha Watu

Aliye na ramani ya Ulaya na aifungue. Itafute nchi ya Italia, ile iliyo kama mguu uliovaa kiatu kirefu, umetumbukizwa katika Bahari ya Kati. Sasa tazama pwani iliyo baina ya Roma na Naples. Mbele yake baharini mna visiwa vidogo sana, pengine ramani yako haikuviandika. Kimoja chao ni Ventotene. Urefu wake haufiki kilomita 3, wala upana wake haufiki kilomita 1.

Tuseme umepanda meli katika bandari ya Formia, ukafika. Utaona nyumba za rangi, mashamba madogo ya adesi, ambazo ni jamii ya dengu, na wavuvi. Kelele hakuna. Lakini kabla ya kupanda kijijini, itazame vizuri bandari ya zamani. Usidhani imejengwa. Imechimbwa! Warumi wa kale, yapata miaka 2,000 iliyopita, walilikata jiwe la kisiwa, ambalo ni jiwe laini lililotokana na volkano, wakafanya ghuba ya kuingizia vyombo. Mpaka leo mashua hutia nanga humo. Karibu na mnara wa taa walichimba pia vidimbwi vya kufugia samaki.

Kwa nini kazi kubwa namna hiyo mahali padogo? Kwa sababu Kaisari alikuwa na jumba lake huko. Magofu yake yangalipo kwenye rasi ya kaskazini. Mwaka wa 2 kabla ya Kristo, Kaisari Augustus alimfukuza Roma binti yake Julia, mtoto wake wa pekee, kwa shtaka la uzinzi, akamleta hapa. Divai alikatazwa. Mwanamume yeyote asingeweza kumkaribia mpaka Augustus apate habari zake kwanza: umri wake, kimo chake, rangi yake, hata makovu ya mwilini. Mama yake Julia, jina lake Scribonia, alikuja kukaa naye kwa hiari yake mwenyewe. Na mama huyo ndiye aliyepewa talaka na Augustus siku ileile Julia alipozaliwa. Mimi humfikiria yeye kuliko Kaisari.

Baada ya miaka 5 Julia alihamishiwa bara, lakini Roma hakuiona tena. Binti yake, Agrippina, naye aliletwa kisiwani na Kaisari Tiberius, akafa mwaka wa 33. Octavia, mke wa Kaisari Nero, aliuawa hapohapo mwaka wa 62.

Mwaona sababu ya kuchagua kisiwa. Ukimfunga mtu mashuhuri mjini, rafiki zake watapata njia ya kumfikia. Hapa bahari yenyewe ndiyo ukuta.

Kisiwa hakina chemchemi, kwa hiyo Warumi walichonga chini ya ardhi mabirika makubwa ya maji ya mvua. Katika miaka ya 1700 wafalme wa Naples waliwaleta wafungwa kujenga kijiji, wakalazwa ndani ya birika moja. Hata sasa laitwa Birika la Wafungwa. Kisha, juu ya kisiwa jirani cha Santo Stefano, wakajenga gereza la umbo la kiatu cha farasi, ili mlinzi akisimama katikati avione vyumba vyote. Gereza hilo lilifungwa mwaka 1965.

Serikali ya Mussolini ilirudia desturi ileile. Wapinzani wake waliletwa Ventotene kwa mamia, bila hata hukumu ya mahakama. Mmoja wao, Sandro Pertini, alikuja kuwa Rais wa Italia mwaka 1978. Mwingine ni Altiero Spinelli, aliyekamatwa mwaka 1927 akiwa na miaka 19. Wakomunisti wenzake walimfukuza chamani mwaka 1937, basi hata miongoni mwa wafungwa alikuwa na rafiki wachache. Mwaka 1941, wakati majeshi ya Hitler yalipokuwa yameshika karibu Ulaya nzima, yeye na Ernesto Rossi, wakisaidiwa na Eugenio Colorni, waliandika tamko. Walisema kwamba nchi za Ulaya zikiendelea kila moja na jeshi lake na wivu wake, vita havitakwisha. Yafaa ziungane katika shirikisho. Yasemekana waliandika juu ya karatasi za kusokotea sigara. Mke wa Colorni, Ursula Hirschmann, hakuwa mfungwa. Yeye ndiye aliyeyavusha maneno hayo hadi bara.

Mussolini alianguka Julai 1943, nao wakafunguliwa mwezi uliofuata. Colorni hakuuona mwisho wa vita: Mafashisti walimwua Roma, Mei 1944. Spinelli aliishi, akachaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya mwaka 1979, akafa mwaka 1986. Kaburi lake liko Ventotene. Mnamo Agosti 2016 viongozi wa Italia, Ujerumani na Ufaransa walikwenda pamoja wakaweka maua juu yake.