Tumbo Joto la Mtihani: Hofu Inavyofunga Kumbukumbu

Kila msimu wa KCSE ukifika, yako haya. Mwanafunzi aliyekesha wiki nzima akidurusu aingia chumba cha mtihani, afungua karatasi, na jibu alilolijua jana usiku halimjii. Viganja vyatoka jasho, mate yamkauka, moyo wamwenda mbio. Akirudi nyumbani aambiwa hakusoma. Mara nyingi alisoma.

Ubongo ukishikwa na hofu, hautofautishi sana baina ya nyoka njiani na karatasi ya hesabu. Huamuru tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, na kwa sekunde chache pumzi hufupika na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, tayari kwa kukimbia au kupigana. Tumbo hupunguziwa damu, kazi ya kusaga chakula ikazorota. Wanaosema fulani ana tumbo joto hawakukosea mahali.

Kisha hufuata kotisoli, inayochukua kama dakika 20 hadi 30 kufika kilele. Huyu ndiye mwizi wa majibu. Ikizidi, ubongo hupata tabu kuyatoa yaliyohifadhiwa, na ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayoshikilia hatua za hesabu, hulegea. Elimu haikupotea. Ndiyo maana jibu humjia mtoto akiwa ndani ya matatu, mtihani umeshakwisha.

Si kwamba wasiwasi wote ni mbaya. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson, watafiti wa Marekani, waliwajaribu panya wakaona kuwa msukumo wa kiasi husaidia kujifunza lakini ukizidi huharibu, na kazi ikiwa ngumu huharibu mapema zaidi. Kelele za mzazi asubuhi ya mtihani basi huenda zikamfaa anayefagia ua, si anayetafuta thamani ya x.

La kufanya lipo. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi huteremsha mapigo ya moyo. Na mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vyema kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika. Mpe mwanao kalamu na kipande cha karatasi kabla hajaondoka. Akimaliza, na aichane akitaka. Usimuulize ameandika nini.